Jeki Iwekwe Wapi? Mwongozo kwa Mwenye Gari na kwa Fundi Kijana

Chuchumaa pembeni ya gari lolote dogo ambalo limezunguka mjini miaka michache, iwe IST, Vitz, Passo au Premio, kisha uinamishe kichwa utazame ukingo wa chini ya milango. Utaona mshono wa bati unaoning'inia, umeanzia karibu na tairi la mbele na kuishia karibu na la nyuma. Kwenye magari mengi mshono huo umepinda, umelala upande mmoja, rangi imebanduka na kutu imeanza kula. Hiyo ni kazi ya jeki iliyowekwa vibaya, na mara nyingi aliyeiweka ni mtu aliyelipwa alitengeneze gari hilo.

Kuinua gari huchukua dakika mbili tatu, kwa hiyo wengi hulifanya jambo hili huku mawazo yako kwenye kazi inayofuata. Lakini ndiyo hatua inayoweza kupasua sampu ya injini, kutoboa tangi la mafuta, au kumwangushia kijana wa watu zaidi ya tani moja ya chuma kifuani. Nakuandikia wewe unayebadili tairi mwenyewe kando ya barabara, na wewe uliyeingia gereji juzi kujifunza kazi na umeambiwa tu "piga jeki hapo" bila kuonyeshwa "hapo" ni wapi. Sehemu ya kuinulia gari ni ile ambayo kiwanda kiliiongezea chuma makusudi ili ibebe uzito. Kwenye gari zima sehemu hizo ni chache, na zinatambulika ukijua unachokitafuta.

Kwanza, gari lako lina chasisi au halina?

Hilux, Prado, Land Cruiser, Nissan Patrol, Land Rover Defender za zamani na karibu malori yote yamejengwa juu ya chasisi: nondo mbili nene za chuma zinazokimbia kutoka mbele hadi nyuma, bodi ikiwa imefungwa juu yake kwa bolti. Ukilala chini utaziona bila kutafuta.

Magari mengine mengi tuliyonayo hayana chasisi ya namna hiyo. IST, Vitz, Raum, Wish, Noah, RAV4 za miaka hii, Honda Fit, X-Trail, Forester: bodi yenyewe ndiyo mifupa ya gari. Nguvu yake haikutandazwa sawasawa. Bati la sakafu ni jembamba, na ukilisukuma kwa jeki litabonyea kuelekea miguuni mwa abiria. Nguvu imewekwa pale bati lilipokunjwa mara mbili tatu na kuchomelewa pamoja. Kwa hiyo fundi aliyezoea Land Cruiser akiletewa Passo asipobadili macho yake, ataharibu.

Mikato miwili chini ya mlango

Turudi kwenye ule mshono wa bati. Kwenye Toyota ndogo nyingi, shibiri moja au zaidi kidogo kutoka kwenye tundu la gurudumu, mshono una mikato miwili midogo iliyoachana kiasi cha upana wa kiganja. Ipo nyuma ya gurudumu la mbele na ipo mbele ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili za gari, na hivyo kufanya sehemu nne. Kama kuna tope, pitisha kidole utaihisi. Jeki inakaa katikati ya mikato hiyo miwili, kwa sababu ndani ya eneo hilo kiwanda kimeweka bati la ziada la kubeba mzigo. Ukisogea ukaiweka jeki katikati ya gari, chini ya nguzo ya kati ya milango, mshono utakunjika.

Jeki ya mkasi iliyokuja na gari ina kichwa chenye mfereji. Mfereji huo si urembo. Mshono unaingia ndani yake, na uzito unashuka kwenye mabega mapana yaliyo kando ya mshono. Sasa chukua jeki ya troli ya gereji: kichwa chake ni sahani bapa. Ukiigusisha hapo hapo, hata kama umelenga katikati ya mikato, uzito wote wa kona hiyo unakaa kwenye makali ya bati peke yake, nayo yanalala. Ndivyo mishono mingi ilivyopinda, na mafundi walioipinda waliweka jeki mahali sahihi kabisa. Walikosa kitu cha kuweka kati ya jeki na gari.

Kitu chenyewe ni kipande cha mpira mgumu chenye mfereji. Madukani vipo, lakini mtu anayechonga katambuga kwa matairi ya lori anaweza kukukatia kwa bei ndogo: mpira mnene, upana wa sahani ya jeki, na mfereji katikati wenye kina kinachozidi urefu wa mshono ili bati lisiguse chini. Wengine hutumia kipande cha mbao. Mbao nyororo hupasuka kufuata mistari yake, na mfereji uliochongwa katikati ndiyo huo mstari wa kupasukia. Mpira ni bora.

Kuna magari ambayo mshono umefichwa na plastiki za pembeni. Tafuta mishale midogo au vifuniko kwenye plastiki hiyo, ndivyo vinavyoonyesha sehemu. BMW nyingi zina vipande vyeusi vya plastiki ngumu chini ya ukingo, navyo ndivyo vinavyopokea jeki. Na ukiwa na Honda Fit, usijaribu kabisa kusogeza jeki kutoka ukingoni kuelekea katikati ya gari kwa upande wa mbele. Wengi hawajui kwamba tangi la mafuta la gari hilo liko chini ya viti vya mbele.

Kabla hujapiga jeki, gonga ukingo kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza hulia kwa sauti nzito iliyokufa, na pengine bisibisi itazama. Magari yetu mengi yametoka Japani, na yale yaliyoishi sehemu za theluji kama Hokkaido yalipita kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi. Kisha yakaja Tanga, Mombasa au Dar es Salaam kupigwa na upepo wa bahari. Kibaya zaidi ni ukingo uliowahi kugongwa au kuoza ukazibwa kwa puti na kupakwa rangi. Kwa macho ni mzima, lakini puti haibebi kitu. Jeki itaingia ndani ya bodi na gari litashuka ghafla. Ukishuku, inulia sehemu nyingine, na umwambie mwenye gari ukweli.

Kuinua mbele yote au nyuma yote kwa mara moja

Mafundi hupenda kuingiza jeki ya troli katikati ili magurudumu mawili yaondoke chini pamoja. Si vibaya, ila ni lazima ujue jeki inagusa nini. Mbele, mahali pa kutafuta ni krosimemba au ile fremu ya chuma kinene inayoshikilia injini na amu za chini. Magari mengi yana kibonge au sehemu bapa iliyoimarishwa hapo. Kitabu cha gari kinaonyesha, na usiseme kimeandikwa Kijapani: mchoro wa gari likitazamwa kutoka chini, wenye alama za sehemu za jeki, hauhitaji lugha. Kitoe kwenye droo ya dashibodi ukitazame leo.

Usiinulie sampu ya oili. Nalisema hili kwa uzito wote, kwa sababu sampu ndiyo inayoshuka chini kuliko vingine na ndiyo jeki hukutana nayo kwanza. Sampu ya alumini itapasuka na oili itamwagika hapo hapo, angalau utajua. Ya bati ni hatari zaidi: itabonyea kwa ndani bila kuvuja. Bonde hilo linaweza kusogea hadi kwenye chujio la bomba linalofyonza oili, likaliziba kiasi. Gari litaondoka gereji likiwa salama kwa macho, na injini itakuwa inanyimwa oili kila ikizunguka kwa kasi. Mwenye gari atakuja kulia miezi baadaye bila kujua chanzo. Sampu ya giaboksi ya otomatiki nayo ni bati jembamba namna hiyo hiyo.

Orodha ya vingine visivyobeba gari ni ndefu, nitavitaja haraka: fito za usukani, ekzosi, fremu ya rejeta, bampa, ndoano ya kuvutia gari, plastiki za kuzuia tope. Nyuma, magari mengi madogo yanayosukumwa na magurudumu ya mbele yana bimu moja inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Inaonekana imara, na mikono ya mafundi huikimbilia. Bimu hiyo imetengenezwa ijisokote gari linapopita kwenye mashimo, haikutengenezwa kubebwa katikati. Kama kitabu cha gari lako hakionyeshi alama hapo, rudi kwenye mikato ya ukingoni.

Kwenye jeki ya troli kuna kosa moja ambalo sijaona likifundishwa inavyotakiwa. Mkono wa jeki unapopanda hauendi juu moja kwa moja, unachora upinde. Kwa hiyo jeki lazima itambae kidogo kufuata gari, au gari lifuate jeki. Ukiiweka kwenye mchanga au kokoto, magurudumu yake madogo yanakwama, na sahani huanza kuteleza kwenye sehemu uliyoilenga. Safisha njia ya magurudumu hayo, na usimamishe kazi kila baada ya kupiga mara chache utazame sahani iko wapi.

Magari yenye chasisi

Kwa Land Cruiser au Hilux iliyopata pancha ya nyuma, weka jeki chini ya bomba la ekseli, karibu na springi na upande wa tairi linalotolewa. Usiiweke kwenye kifuniko cha bati cha difu. Na kabla ya kupiga, pitisha mkono juu ya ekseli: bomba jembamba la breki limefungwa kufuata ekseli hiyo. Ukilibana kati ya jeki na chuma utalikunja au kulipasua, na utaondoka hapo ukiwa na tairi jipya na breki mbovu.

Ekseli ina faida nyingine. Ukiinulia chasisi, springi zinaanza kunyooka na tairi linabaki chini huku bodi ikipanda, kwa hiyo unahitaji urefu mwingi kabla tairi halijaachana na ardhi. Ndiyo sababu watu hupanga mawe chini ya jeki ya Land Cruiser wakidhani jeki ni fupi. Ukiinulia ekseli, tairi linaondoka chini mara moja, na gari zima halijapanda sana.

Mbele, Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina ekseli nzima, nazo unaweza kuinulia hapo. Prado na Hilux za siku hizi kila gurudumu la mbele lina amu zake, kwa hiyo tumia nondo ya chasisi nyuma ya gurudumu au krosimemba iliyoonyeshwa kitabuni. Uso wa chasisi ni laini na mara nyingi una grisi. Futa, kisha weka kipande cha mpira, kwa sababu chuma kwa chuma huteleza. Kama gari lina springi za upepo au mfumo wa kujipandisha, uzime kwanza kwa swichi yake, la sivyo gari linaweza kujishusha likiwa juu ya jeki.

Ardhi, kabari na handibreki

Lami ya Dar es Salaam saa saba mchana hulainika, na kitako kidogo cha jeki ya chupa kitazama ndani yake. Kwenye mchanga ni hivyo hivyo, tena haraka zaidi. Beba kwenye buti ubao mgumu wa unene wa vidole vitatu, mpana kuliko kitako cha jeki mara mbili au tatu. Kwenye mteremko usiinue gari kabisa. Sogea polepole hadi pa tambarare hata kama tairi lililopata pancha litaharibika. Tairi linanunulika.

Kuhusu handibreki, watu wengi huiamini kupita uwezo wake. Kwenye magari mengi handibreki inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, imebaki inashika magurudumu yaliyo hewani, na ya mbele yako huru. Utasema gari liko kwenye P. P inashika magurudumu yanayosukuma gari kwa kupitia difu, na difu kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke tofauti na jingine. Gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele likiinuliwa gurudumu moja la mbele, lile lililo hewani linaweza kuzunguka kinyume na kuliachia la chini litembee. P haitakusaidia. Land Rover Defender za zamani zinashangaza zaidi: handibreki yake inashika shafti ya propela, si magurudumu, kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma, breki hiyo inaweza kupoteza nguvu yake yote.

Basi weka handibreki, weka gia au P, halafu weka kabari. Kabari iwekwe mbele na nyuma ya gurudumu lililo mkabala wa kona unayoinua: ukiinua mbele kulia, ziba nyuma kushoto. Kipande cha mbao kilichokatwa pembe kinatosha. Jiwe la duara halitoshi. Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko wakati tairi lingali chini, kwa sababu kuvuta wili spana kwa nguvu gari likiwa juu ndiko kunakoliangusha.

Jeki inainua, stendi inashika

Hapa sina mzaha wala nafasi ya kujadiliana. Usiingize kichwa, kifua wala mkono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa kufunga nati moja. Jeki ya haidroli inazuiwa isishuke na mpira mdogo wa kuziba na valvu ndogo. Mpira huzeeka, na chembe ya uchafu ikikaa kwenye valvu, oili hupita. Wakati mwingine jeki hushuka taratibu ukaiona, wakati mwingine hushuka yote. Vijana wamekufa hivi katika gereji zetu, kwa kazi ambayo ingesubiri dakika moja stendi iletwe.

Stendi nzuri ni ya chuma, ina miguu mipana, pini au meno ya kuishikilia, na uzito inaobeba umeandikwa. IST ina tani moja na kidogo. Prado inavuka tani mbili. Land Cruiser 200 hupita mbili na nusu. Soma kama uzito ulioandikwa ni wa stendi moja au wa jozi, maana si kila kiwanda kinaandika sawa. Tofali la saruji lisitumike kamwe. Linaonekana zito na gumu, lakini likishindwa halipindi wala halitoi onyo, linavunjika kwa mara moja.

Swali la kweli linakuja kwenye magari madogo: jeki tayari imekalia mikato ya ukingoni, stendi niiweke wapi? Njia safi ni kuinua kwa krosimemba ya mbele kwa jeki ya troli, kisha stendi mbili zikae kwenye mikato ya kushoto na kulia zikiwa na mipira yake. Ukilazimika kuinulia ukingoni, stendi iende kwenye fremu ya chini ya injini, karibu na pale inapofungwa kwa bolti kwenye bodi, kamwe si kwenye bati la sakafu. Shusha jeki polepole mpaka uzito uhamie kwenye stendi, halafu uiache jeki ikigusa kidogo kama msaada. Likamate gari kwenye kona ulitikise kwa nguvu. Kama litaanguka, na lianguke sasa ukiwa umesimama nje. Kisha lile tairi ulilolitoa lilaze chini ya ukingo. Halichukui nafasi, na siku mambo yakienda vibaya ndilo litakalokuachia pengo la kupumulia.

Lifti ya nguzo mbili

Gereji kubwa zina lifti, na watu hudhani hapo hatari imeisha. Mikono minne ya lifti inatumia sehemu zile zile nne za ukingoni, au chasisi kwa magari yenye chasisi, na kila pedi lazima ikaguliwe kwa macho na fundi mwenyewe. Inua kiasi cha shibiri moja, simama, tikisa gari, zunguka uangalie pedi zote, ndipo upandishe hadi kufuli ziingie. Ukipanga kutoa injini, giaboksi au ekseli ya nyuma, kumbuka uzito utahama: gari lililokuwa limekaa sawa linaweza kulalia upande mmoja. Litegemeze kwanza.

Magari ya haibridi kama Aqua na Prius, pamoja na yale ya umeme kama Leaf, yana nyaya za umeme mkubwa zenye rangi ya chungwa zinazopita chini ya sakafu. Leaf ina betri kubwa chini ya sakafu. Kwa magari haya usibahatishe hata sentimita chache. Kama hujaona mchoro wa gari hilo, subiri uuone.

Ukiwa mteja, una haki ya kusimama utazame gari lako linavyoinuliwa. Muulize fundi kwa heshima: stendi ziko wapi, kuna mpira wa kuweka juu ya jeki, na anainulia sehemu gani? Fundi anayeijua kazi yake hatachukia. Na wewe mwenye gereji, Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinakutaka uwalinde wanaokufanyia kazi. Jozi mbili za stendi ni gharama ndogo sana ukilinganisha na mazishi.

Kazi ikiisha, funga nati kwa mkono hadi zikae, shusha gari tairi liguse chini, ndipo uzikaze kwa kuruka: ukikaza moja, nenda iliyo upande wa pili. Toyota ndogo nyingi zinataka nyutoni-mita 103, yaani mkono wa mtu mzima kwenye wili spana ya kawaida, bila kuikanyaga kwa mguu. Baada ya kutembea kilomita mia hivi, zikaze tena. Kisha toa ile jeki ya mkasi kwenye buti, itembeze juu na chini, paka grisi kwenye skrubu yake, na hakikisha mpini wake na wili spana bado vipo, kwa sababu magari mengi yaliyonunuliwa kwa mkono wa pili au wa tatu hukutwa barabarani yakiwa na tairi la akiba na hayana cha kulifungia.